Watawala katili: ni damu, ni malezi, au ni kiti?

Wazee walituachia methali mbili zisizokubaliana. Moja inasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtu akisoma habari za Nero wa Roma, za Ivan wa Urusi, za Hitler au za Bokassa wa Afrika ya Kati, mara nyingi huwa ameshachagua upande kabla hajafika mbali: ama "huyu alizaliwa shetani", ama "angelelewa vizuri asingefika huko".

Nimeamua kuziweka hoja hizi bega kwa bega kwa sababu upande unaouchagua una matokeo yake. Anayeamini damu hana la kufanya ila kungoja bahati: akizaliwa mtawala mwema ni neema, akizaliwa mbaya ni msiba. Anayeamini malezi ana kazi ya kufanya, lakini ana hatari moja kubwa, nayo ni kumbebesha mama mzazi maiti zilizozikwa na jeshi. Kwa hiyo kila hoja nitaiuliza maswali yaleyale. Je, inaeleza kwa nini ndugu wa mtawala huyo hawakuwa kama yeye? Inaeleza kwa nini watu wengine waliopitia mateso kama yake walitoka wakiwa wema? Na inaeleza kwa nini ukatili ulianza mwaka ule ulioanza, si kabla wala si baada?

Hoja ya damu

Hoja hii ni kongwe. Suetonius, Mroma aliyeandika maisha ya Nero kama miaka 50 baada ya kifo chake, anaanza kwa kuwapitia mababu wa upande wa baba mmoja baada ya mwingine, akionyesha kiburi na ukatili wa kila mmoja, ili msomaji akifika kwa Nero aone urithi umekamilika. Anasimulia pia kwamba Nero alipozaliwa mwaka 37, baba yake Domitius aliwajibu waliokuja kumpongeza kuwa yeye na mkewe Agrippina hawawezi kuzaa ila kitu cha kuchukiza na balaa kwa umma.

Ni simulizi kali, ila imeandikwa na mtu aliyekwisha kuujua mwisho. Na imechagua mababu. Kwa upande wa mama, Nero alikuwa mjukuu wa Germanicus, jemadari aliyependwa sana na Waroma, ambaye kifo chake mwaka 19 kiliwaliza watu wa mji mzima. Germanicus huyohuyo ndiye baba mzazi wa Caligula, kaizari mwingine katili. Kama damu inarithisha ukatili, mbona hairithishi upole wa Germanicus?

Commodus ndiye anayeitia hoja hii kwenye matatizo makubwa zaidi. Baba yake ni Marcus Aurelius, kaizari mwanafalsafa. Alipewa walimu bora, akashirikishwa madaraka mapema, na mwaka 180 akabaki mtawala pekee. Aliua maseneta, akapigana uwanjani kama mpiganaji wa mapanga mbele ya umati, na akanyongwa siku ya mwisho ya mwaka 192. Waroma hawakuweza kuamini kwamba mti ule umezaa tunda lile, basi ukaenezwa uvumi kuwa mama yake alimpata kwa mpiganaji wa uwanjani. Tazama walichofanya: hoja ya damu ilipowashinda, hawakuiacha hoja, walimbadilisha baba.

Sayansi ya leo imeipa hoja hii msingi wa heshima zaidi, na singependa kuipuuza. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti baina ya watu katika tabia za kuvunja sheria na kuumiza wengine inahusiana na vinasaba. Mwaka 1993 watafiti walieleza habari za ukoo mmoja wa Uholanzi ambamo wanaume kadhaa wenye hitilafu katika jeni iitwayo MAOA walikuwa na historia ya fujo na uchomaji moto. Mwaka 2002 ukatoka utafiti uliofuatilia watoto wa mji wa Dunedin, New Zealand, tangu kuzaliwa. Wavulana walioteswa utotoni na waliokuwa na aina dhaifu ya jeni hiyo walielekea zaidi kwenye ukatili kuliko walioteswa wakiwa na aina yenye nguvu. Waliokuwa na jeni ileile dhaifu lakini hawakuteswa hawakuonyesha mwelekeo huo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote juu ya ukubwa wa athari hiyo, ila wazo lenyewe limesimama: unachozaliwa nacho ni wepesi wa kuumizwa na mazingira fulani, si ukatili uliokwisha kupikwa.

Kuna pengo jingine ambalo watetezi wa damu hulipita haraka. Tafiti hizi zinahusu watu wanaopigana na wanaochoma nyumba, watu wa hasira. Mtawala katili kwa kawaida hafanyi hivyo. Mwaka 1937 na 1938, wakati zaidi ya watu 680,000 walipopigwa risasi katika Umoja wa Kisovieti, Stalin alikuwa mezani akipokea orodha za majina na kuzitia saini. Kazi hiyo inahitaji subira. Sijaona jeni inayoeleza subira ya namna hiyo.

Hoja ya malezi

Hapa mfano wenye nguvu kuliko yote ni Ivan wa Nne, aliyezaliwa mwaka 1530. Baba yake alifariki Ivan akiwa na miaka mitatu. Mama yake, aliyekuwa akishika madaraka kwa niaba yake, alifariki mwaka 1538, na wengi waliamini alipewa sumu. Mtoto wa miaka saba akabaki mikononi mwa makabaila wa Moscow waliokuwa wakiuana wao kwa wao, ukoo wa Shuisky dhidi ya ukoo wa Belsky. Katika barua maarufu ya mwaka 1564 kwa Kurbsky, jemadari aliyemtoroka, Ivan anakumbuka kwamba yeye na mdogo wake Yuri, aliyekuwa bubu, walikosa hata mavazi na chakula kwa wakati. Anakumbuka pia wakicheza watoto, na mkuu wa ukoo wa Shuisky ameketi kwenye benchi, kiwiko amekiegemeza juu ya kitanda cha marehemu baba yao, wala hawatazami.

Huyu ni mtu mzima wa miaka 33, mtawala wa nchi kubwa, na bado anakumbuka kiwiko cha mtu juu ya kitanda. Mimi hapo naiamini hoja ya malezi kwa moyo wote. Mwisho wa mwaka 1543, Ivan akiwa na miaka 13, aliamuru Andrei Shuisky akamatwe, na watunza mbwa wa ikulu wakamuua. Hiyo ndiyo siasa aliyofundishwa: anayekutisha, muue kwanza.

Wengine wanaingia kwenye mstari huohuo. Baba wa Stalin alikuwa fundi viatu mlevi aliyempiga mwanawe na mkewe. Saddam Hussein alizaliwa baba hayupo, akakulia kwa baba wa kambo aliyemtesa. Baba wa Hitler, ofisa wa forodha, alitembeza fimbo. Paula, dada yake Hitler, alisema baadaye kwamba Adolf alikuwa akipigwa kila siku.

Sasa tuulize maswali yetu. Paula alikulia nyumba hiyohiyo, akaishi maisha ya kimya. Upande wa pili yuko Saloth Sar, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Pol Pot. Alizaliwa katika familia ya wakulima wenye uwezo, yenye jamaa katika jumba la mfalme, akapata ufadhili wa kusoma Paris mwaka 1949. Aliporudi alifundisha shule, na wanafunzi wake walimkumbuka kuwa mwalimu mpole wa sauti laini, aliyependa mashairi ya Kifaransa. Baina ya 1975 na 1979 utawala wake uliangamiza watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili wa Kambodia. Ndugu yake mmoja, aliyekuwa akitaabika mashambani kama raia wengine, alitambua kwa kuona picha iliyobandikwa ukutani kwamba huyo Pol Pot ni mdogo wake. Hakuna kilichotokea katika nyumba ile kilichomwandaa kwa hilo.

Kuna pia aliyelelewa kwa ukatili akafanya kinyume. Frederick wa Prussia alipigwa na baba yake mbele za watu. Mwaka 1730, akiwa na miaka 18, alijaribu kutoroka. Baba yake akamfunga ngomeni na kuamuru rafiki yake Katte akatwe kichwa nje ya dirisha lake. Alipotawazwa mwaka 1740, moja ya amri zake za kwanza kabisa ilikuwa kuyaondoa mateso katika upelelezi wa makosa, isipokuwa machache mazito. Alipigana vita vingi na hakuwa malaika, ila hakuligeuza jeraha lake kuwa sheria ya nchi.

Elimu nayo, ambayo wazazi wengi huiona ndiyo malezi yenyewe, haina rekodi nzuri. Nero alifundishwa na mwanafalsafa Seneca tangu akiwa na miaka 11 au 12. Seneca alimwandikia kitabu kizima juu ya huruma ya mtawala. Mwaka 59 Nero alimuua mama yake, na mwanahistoria Tacitus anatuambia kwamba barua ya kulieleza Seneti jambo hilo kwa maneno ya kulisafisha iliandikwa na Seneca huyohuyo. Mwaka 65 mwanafunzi alimwamuru mwalimu wake ajiue.

Kijiji kimoja, jeraha moja

Kama ningeruhusiwa mfano mmoja tu katika mjadala huu, ningeacha Roma na Moscow nikaenda Bobangui, kijiji kilicho katika eneo la Lobaye, kusini mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Mwaka 1899 Ufaransa iligawa sehemu kubwa ya koloni lake la Kongo kwa makampuni kama 40 ya kuvuna mpira na pembe, kwa mfano ulioigwa kutoka kwa mfalme Leopold wa Pili ng'ambo ya pili ya mto. Kampuni ilipewa ardhi pamoja na watu wake. Asiyefikisha kilo za mpira alichapwa, na mara nyingi wake na watoto walishikwa rehani mpaka mume arudi na mzigo.

Barthélemy Boganda alizaliwa hapo Bobangui mwaka 1910. Akiwa bado mdogo, mama yake alipigwa hadi kufa na walinzi wa kampuni kwa kutoleta mpira wa kutosha. Jamaa yake, Jean-Bédel Bokassa, alizaliwa kijiji hichohicho mwaka 1921. Baba yake, aliyekuwa mkuu wa kijiji, aliwafungua watu waliokamatwa kwa ajili ya kazi za kampuni. Novemba 1927 akapigwa hadharani huko Mbaïki mpaka akafa. Wiki moja baadaye mama yake Bokassa akajiua. Mtoto alikuwa na miaka sita.

Kijiji kimoja, watu wa ukoo mmoja, yatima wote wawili kwa virungu vya mfumo uleule. Wote wawili wakachukuliwa na shule za misheni. Ni nadra historia kutupa jozi iliyo karibu hivi.

Boganda akawa padri mwaka 1938, wa kwanza kutoka nchini mwake. Mwaka 1946 akachaguliwa kuingia Bunge la Ufaransa, akalitumia kupinga kazi za kulazimishwa. Kauli aliyoiacha kwa Kisango ni *zo kwe zo*: kila mtu ni mtu. Mwaka 1954 fujo zilipozuka Berbérati baada ya vifo vya Waafrika wawili waliokuwa wakimtumikia Mzungu, Boganda alikwenda mwenyewe akasimama mbele ya umati uliokuwa tayari kwa kisasi, akautuliza kwa kuuahidi kwamba haki itakuwa moja kwa mweusi na mweupe. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuuacha umati ule uendelee, ni yeye.

Bokassa aliingia jeshi la Ufaransa mwaka 1939, akapigana Ulaya na Indochina, akarudi nyumbani na kukabidhiwa jeshi jipya la nchi huru. Akapindua serikali usiku wa kuamkia mwaka 1966. Mwaka 1972 alitoa amri wezi wakatwe masikio. Desemba 1977 alijivika taji la kaizari. Mwanzoni mwa 1979 wanafunzi waliandamana kupinga sare za lazima. Aprili wengi walikamatwa na kurundikwa katika gereza la Ngaragba mjini Bangui, na tume ya wanasheria wa Kiafrika iliyochunguza ilikadiria kwamba watoto kama 100 waliuawa. Mtoto wa mtu aliyepigwa virungu hadharani alikuja kuwapiga virungu watoto wa watu.

Hoja ya damu hapa haina la kusema. Hoja ya malezi inatueleza jeraha lilitoka wapi, ila haituelezi kwa nini jeraha lile lilimfanya mmoja kuwa mtetezi na mwingine kuwa mtesaji. Mmoja alipita seminari, mwingine kambi ya jeshi, na bila shaka hilo lina uzito wake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wao ulikuwa tofauti. Lakini lazima niseme pia jambo linalopunguza nguvu ya mfano wangu: Boganda alikufa katika ajali ya ndege Machi 1959, kabla ya uhuru. Hakuwahi kukaa kwenye kiti ambacho hakuna wa kumkataza. Bokassa alikaa karibu miaka 14.

Kiti

Hilo ndilo linanipeleka kwenye hoja ya tatu, ambayo mabishano mengi ya damu na malezi huisahau. Mtazame Leopold wa Pili, yule ambaye Wafaransa waliuiga mfumo wake.

Alizaliwa mwaka 1835, akawa mfalme wa Wabelgiji mwaka 1865. Katiba ya Ubelgiji ilisema wazi kwamba amri ya mfalme haina nguvu bila saini ya waziri. Katika nchi hiyo, chini ya ufalme wake, bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1889 iliyozuia kuwaajiri viwandani watoto wa chini ya miaka 12. Wakati huohuo, tangu 1885, Leopold alikuwa mwenye Kongo kama mali yake binafsi, akitawala kwa amri zake tu, bila bunge wala waziri wa kumzuia. Huko askari wake walitakiwa kuonyesha mkono uliokatwa kwa kila risasi iliyotumika. Mwaka 1904, katika misheni ya Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aitwaye Nsala, ameketi barazani akitazama mkono mdogo na mguu mdogo vilivyowekwa mbele yake. Vilikuwa vya binti yake Boali, mwenye miaka mitano.

Ni mtu yuleyule mmoja. Damu ileile, wazazi walewale, walimu walewale, mwaka uleule. Katika nchi moja ni mfalme wa kikatiba asiye na sifa ya kuua raia wake, katika nyingine ni miongoni mwa wakatili wakubwa wa karne yake. Kilichotofautiana ni kama kulikuwa na mtu mwenye uwezo wa kukataa.

Ukirudi na jicho hili kwa Ivan, lile swali la mwaka linapata jibu. Kati ya 1547 na 1560 alitawala na washauri wenye nguvu, akatoa sheria mpya mwaka 1550, na mke wake Anastasia alikuwa hai. Anastasia akafa mwaka 1560, washauri wakafukuzwa. Desemba 1564 Ivan aliondoka Moscow na hazina yake, akasema atarudi kwa sharti moja: awaadhibu wasaliti apendavyo, pasiwe na wa kuwaombea. Watu, kwa hofu ya kubaki bila mtawala, wakakubali. Mwaka 1565 likaundwa jeshi lake la oprichnina. Mwaka 1570 likauteketeza mji wa Novgorod. Jeraha lilikuwepo tangu utotoni. Ruhusa ilikuja mwaka 1565.

Na ruhusa huhitaji mikono. Katika majaribio ya Stanley Milgram huko Yale, yaliyoanza mwaka 1961, watu wa kawaida 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza swichi ya umeme waliodhani unamuumiza mtu mwingine, hadi kiwango cha mwisho, kwa kuambiwa tu waendelee. Nina hakika wengi wa hao 26 walilelewa vizuri.

Sasa uchague ipi

Ukinilazimisha kuchagua kati ya mbili za kwanza tu, nachagua malezi, na sisitisiti. Damu inashindwa swali la ndugu, inashindwa swali la mwaka, na sayansi yake yenyewe inaishia kusema kwamba bila mateso ya utotoni ile jeni hatari hulala.

Ila inategemea unataka jibu la nini. Wewe mzazi au mwalimu, shika hoja ya malezi bila kuhangaika na watawala: kumpiga na kumdhalilisha mtoto kunamharibu hata kama hatatawala chochote, na watakaoumia ni wake, watoto na wenzake kazini. Mwanafunzi unayeandika juu ya mtawala fulani, usianze na utoto wake. Anza na mwaka ukatili ulipoanza, kisha tafuta ni nani aliyeondoka, aliyekufa au aliyefungwa muda mfupi kabla ya hapo. Utoto utauingiza baadaye, na utakusaidia kueleza ni *nani* aliyechaguliwa kuteswa na kwa namna gani, kama Ivan na makabaila wake. Na anayepima katiba, muhula wa uongozi au mamlaka ya mahakama, huyo aachane kabisa na swali la kama mgombea ana roho nzuri. Nero alikuwa na mshauri mwema aliyeweza kushauri lakini hakuweza kukataa, na tumeona barua aliyoandika.

Linabaki suala la lawama, kwa sababu wapo wanaoogopa kwamba kueleza ni kusamehe. Bokassa alirudi Bangui kutoka uhamishoni Oktoba 1986, akakamatwa na kufikishwa mahakamani. Baba yake alikuwa ameuawa kweli, mama yake alikuwa amejiua kweli, na hakuna aliyehitaji kulikana hilo ili kumhukumu. Mahakama iliuliza nani aliamuru, nani aliuawa, na nani alikuwepo. Juni 1987 ilimtia hatiani kwa mauaji na kumhukumu kifo. Adhabu ikapunguzwa mwaka uliofuata, akaachiwa mwaka 1993, akafariki mwaka 1996.